Bega Lililokataa Kupinduka

Fundi lipu alikubali kwa sharti moja: mlango ufungwe. Kushikana mieleka na mke wake mwenyewe juu ya godoro, mchana kweupe, siku ya Jumapili, si jambo la kufanywa na macho ya wapangaji yakipita dirishani. Mkewe akafunga mlango, ingawa haukuwa na komeo, akashusha pazia, akasukuma kitanda hadi ukutani na kulitandaza godoro sakafuni.

"Si mieleka," alimwambia. "Wewe unapiga magoti tu. Kazi ni yangu."

"Na mimi nifanye nini?"

"Jitetee kidogo. Halafu nikikupindua, pinduka."

"Pinduka!" Fundi alicheka hadi akakaa kitandani. "Mimi niliyebeba saruji miaka kumi na mbili, leo nipinduliwe na mtu mwenye kilo za kuku?"

"Kuku huyuhuyu ndiye anayekufulia suruali zako za lipu. Njoo."

Alikuwa mfuaji. Kazi yake ilikuwa kufua makoti mazito ya mazoezi ya ukumbi mmoja ambako watu walijifunza jiujitsu, ule mchezo wa kukabana chini. Mwaka mzima alikaa kwenye benchi la ukumbini akisubiri makoti yavuliwe, na macho yake hayakuwa na kazi nyingine, yakajifunza. Siku moja wanawake walikuwa watano, mmoja amekosa mwenza, mwalimu akamwita aingie. Tangu hapo hakutoka. Sasa Jumamosi inayokuja mwalimu angempima yeye na wenzake wawili. Atakayeonyesha vizuri kumpindua mwenzake kutoka kwenye kufuli la bega, bila kumuumiza, angekuwa msaidizi wa darasa la wasichana na kuyaaga mabeseni. Mwenza wake wa siku zote, muuguzi, alikuwa amesafiri. Ndipo akamkumbuka mumewe.

Akalala chali. Fundi akapiga magoti katikati ya miguu yake. Mfuaji akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akachomoa kiuno kando, akazungusha mguu juu ya bega la mumewe, kisha akainuka akakaa, wote wawili wakawa wanatazama upande mmoja. Mkono wa fundi ulikuwa umekunjwa nyuma, umebanwa kwenye mapaja ya mkewe, na uso wake umezama godoroni.

"Mama yangu," alisema fundi kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mto.

"Hili ndilo kufuli. Nikiinama mbele, bega litauma. Likiuma, gonga godoro mara mbili, naachia. Ndiyo sheria yao, hakuna anayeuliza kwa nini umegonga. Lakini mimi leo sitaki kufunga, nataka kupindua. Wewe utataka kuinuka, si ndiyo? Ukiinuka, naingia chini yako, nashika goti lako la upande wa pili, nakunyanyua. Unaviringika juu ya bega, unaangukia mgongo, nabaki juu yako. Mtu akienda nalo haliumi hata kidogo."

"Na asipokwenda?"

"Kwa nini asiende?"

Mara ya kwanza fundi alikwenda. Aliviringika kama gunia linaloshushwa kwa adabu, akaangukia mgongo, akacheka. Mara ya pili alikwenda pia, akasema hata yeye sasa ataomba mkanda. Mara ya tatu mfuaji alikuwa ameshaingia chini, ameshashika goti, mguu wake umeshaanza kunyanyua, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mama mkwe. Alikaa chumba cha pili, na kwa mwanawe hakuwahi kupiga hodi tangu alipomzaa. Alikuja kuomba sindano. Akamkuta mwanawe uso godoroni, na mguu wa mkwewe umemkandamiza begani.

"Haa! Jamani, mimi nilizaa mwanamume au nilizaa mkeka?"

Wapangaji wawili wanawake, waliokuwa wakimenya viazi kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, wakachungulia nyuma yake. Mmoja akapiga kelele ya furaha. "Fundi! Umelazwa!"

Mfuaji alisikia mwili wa mumewe ukibadilika. Dakika ile ulikuwa mwili, dakika hii ukawa ukuta. Fundi alikita mguu chini, akajikaza, akauvuta mkono wake kwa nguvu zote za mtu anayechekwa. Mguu wa mkewe ulikuwa umeshapanda, ulikuwa unakwenda upande mmoja, na yeye akaenda upande wa pili. Bega likalia. Halikulia kwa kishindo. Lilitoa sauti ya shuka kuukuu linapochanikia mikononi wakati wa kukamua, sauti ambayo mfuaji aliijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

Akaachia. "Gonga! Kwa nini hukugonga?"

Fundi aliinuka taratibu. Uso wake ulikuwa umepauka kama lipu iliyokauka. Aliwatazama wale wanawake mlangoni, akatabasamu.

"Nilikuwa namwachia tu," alisema. Mlango ulipofungwa, akamnong'oneza mkewe, "Nigonge mbele ya mama?" Kisha akatapika.

*

Kulipokucha mkono ulikuwa unaning'inia. Mfuaji alimvalisha shati, akaanza na mkono mbovu kama anavyovalishwa mtoto, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Alisema waende hospitali. Fundi akamuuliza kwa pesa ipi.

"Sikiliza," fundi alisema. "Leo nitaanguka kazini."

"Utaanguka vipi?"

"Nitaanguka. Nawahi kabla ya wenzangu. Mtu akiumia kazini, kampuni ndiyo inayomtibu. Akiumizwa na mkewe anatibiwa na nani?"

"Husemi kweli."

"Nikawaambie nini pale? Nilikuwa nalala na mke wangu akaning'oa bega? Nitaitwa hivyo hadi nazikwa. Nifunge kifungo cha juu."

Mfuaji alikifunga. Baadaye, kila alipotafuta ni wapi hasa yeye aliingia katika uongo ule, alirudi kwenye kifungo kile. Angeweza kukiacha wazi, akae mlangoni, apige kelele. Alikifunga, akampa na kofia.

Vibarua wa kwanza waliofika walimkuta fundi amelala juu ya lundo la mchanga, chini ya jukwaa la miti, ndoo imemwagika pembeni. Juu yake ubao mmoja ulikuwa umeteleza na kubaki ukibembea, na kamba ya pembeni, upande wa ngazi, ilikuwa imefunguka. Walimbeba. Msimamizi wa ujenzi aliandika kwenye daftari lake: ajali, jukwaa, fundo limefunguka.

Hospitali, daktari wa mifupa aliushika mkono ule, akauinua kidogo, fundi akauma meno.

"Ulianguka?"

"Nilianguka."

"Mtu akianguka anagonga, anavunja. Hapa naona kama mtu aliyesokotwa. Nani alikusokota?"

"Nilining'inia kwanza, daktari. Nilishika mti, ndipo nikaachia."

Daktari alimtazama mke. Mfuaji alitazama tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, akalisoma lote, akarudia. Daktari akaandika alichoambiwa. Nyama zinazoshika bega zilikuwa zimechanika, alisema, haziungi zenyewe, lazima zishonwe. Msimamizi akasema kampuni italipia kwa kuwa ni ajali ya kazini. Wakapangiwa wiki tatu mbele.

Kwenye benchi la nje mfuaji aliuliza, "Ile kamba ilifungukaje?"

"Niliifungua."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kwa wa kushoto. Na meno." Fundi alijaribu kucheka. "Yule bwana anafunga, asikwambie mtu. Nusura nibakize jino pale."

*

Yule bwana walimwita Kunguru, kwa sababu alishinda juu na kutazama watu kwa upande. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufunga majukwaa. Alikuja kumjulia hali fundi siku ya Alhamisi, amevaa shati safi, ameshika mfuko wa machungwa. Alipiga hodi mara tatu, akavua viatu, akakaa kwenye ncha ya godoro kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Pole, fundi."

"Nimeshapoa."

"Pole, shemeji. Pole, mama."

Mama mkwe, aliyekuwa ameleta chai, aliitikia bila kumtazama. Alijua kila kitu, maana aliona kwa macho yake, na wale wapangaji wawili alishawapitia mmoja mmoja kuwaomba wafunge midomo.

Kunguru alizungusha kikombe. "Fundi, nimekuja na swali. Usinione mtu mbaya. Wameniambia ni fundo lililofunguka, lakini nilipofika walikuwa wameshalibomoa lile jukwaa. Nataka nijue ni lipi, la juu au la chini? Nisije nikalirudia."

Uani mtu wa chumba cha tatu alikuwa akipiga mswaki. Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amekamata koti moja bichi kwenye beseni, hajui alikamue au aliache.

"La… la pembeni," fundi alisema. "Upande wa ngazi."

Kunguru alifumba macho. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Ijumaa mvua ilikuwa inanyesha. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nililifunga lile la ngazini mbiombio, nikajisemea Jumatatu nikija nalirudia. Tangu waniambie sijala nikashiba, nasema Mungu wangu lisiwe lile. Kumbe ni lile." Akatikisa kichwa. "Miaka kumi na tisa, fundi. Sijaangusha hata ndoo."

"Si kosa lako," fundi alisema haraka.

"Sasa la nani?"

Mfuaji aliliachia koti lile likazama kwenye beseni.

"Kunywa chai, mwanangu, inapoa," alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, jambo ambalo lilimfanya mfuaji amchukie kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Kunguru alipoondoka, mfuaji alifunga mlango akaegemea. "Mwite arudi. Mwambie."

"Nimwambie, aende moja kwa moja kwa msimamizi kusafisha jina lake. Ungekuwa wewe usingeenda? Msimamizi afute matibabu, mkono huu ubaki ukining'inia kama soksi kwenye kamba. Unataka hivyo?"

"Sitaki hivyo."

"Basi acha nishonwe kwanza. Nikishonwa tu namwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Wiki tatu si miaka," mama mkwe alisema. "Atavumilia. Ni mwanamume."

Jumamosi ile mfuaji hakwenda kupimwa. Alipopeleka makoti Jumatatu, mwalimu alimwambia nafasi ameshaipata mwingine, akamuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Akahesabu makoti machafu, akayafunga furushi, akajitwika.

*

Njia ya kutoka ukumbini kwenda nyumbani ilipita pembeni ya ule ujenzi. Angeweza kuzunguka, lakini furushi lilikuwa zito na mzunguko mrefu. Kwa hiyo aliona.

Siku ya kwanza alimwona Kunguru akifunga fundo, akishuka, akipanda tena kuligusa. Siku ya tatu alikuwa akigusa kila fundo mara tatu, akilivuta, akilinusa karibu, kisha analifungua na kulifunga upya. Mafundi walikaa chini na ndoo zao za lipu zikianza kuganda.

"Kunguru! Unafunga jukwaa au unasuka nywele?"

"Mpe kioo ajitazame!"

"Mzee, mimi hapo sipandi. Panda wewe kwanza uruke ruke tuone."

Kunguru akapanda kweli, akaruka ruka, watu wazima wakacheka hadi wakashika matumbo. Aliposhuka, alishikilia ngazi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akamwona mfuaji na furushi lake.

"Shemeji! Fundi anaendeleaje?"

Neno lilikuwepo. Mfuaji alilisikia limekaa kooni, zima, limeiva. Aliona pia mkono wa mumewe, asubuhi ile, ukishindwa kushika sabuni.

"Anaendelea," alisema.

"Mwambie namwombea."

Wiki ya pili msimamizi alimteremsha Kunguru, akampa kazi ya kuchekecha mchanga, akaleta mtu mwingine wa majukwaa. Wiki ya tatu mfuaji alipopita, mwenye chekecheke alikuwa mwingine. Aliuliza. Wakamwambia Kunguru ameacha mwenyewe, hajafukuzwa. Aliacha chombo chini saa nne asubuhi, akasema anakwenda haja, hakurudi.

*

Fundi alishonwa. Kovu lilikuwa dogo na safi, mama mkwe alilisifia kama kazi ya fundi nguo. Wakangoja. Waliambiwa anyooshe mkono kila siku, akaunyoosha. Mfuaji alimshika kiwiko, akahesabu naye, akampangusa jasho. Mwezi ukaisha, na mwingine. Mkono ulifika kifuani, ukasimama. Juu ya kifua haukwenda, hata ukibembelezwa, hata ukitukanwa.

Siku moja alikoroga udongo kidogo uani, akachukua mwiko, akasimama mbele ya ukuta wa choo. Lipu ya chini ilikaa vizuri, laini, kazi yake ileile. Akajaribu kurusha juu ya kichwa. Mkono ukaishia njiani, udongo ukamwangukia miguuni. Akajaribu tena, ukamwangukia tena. Mara ya tatu alitumia mkono wa kushoto, udongo ukapita pembeni ya ukuta ukaingia kwenye nguo za wapangaji zilizoanikwa. Mama mkwe alikwenda kuzikung'uta moja moja.

"Tumwambie Kunguru sasa," mfuaji alisema. Walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, fundi ameuweka mwiko mapajani.

"Tumwambie nini? Mkono umekwisha. Nimalizie na jina?"

"Na jina lake je?"

"Yeye ana mikono miwili."

"Uliahidi."

"Niliahidi nikiwa mgonjwa," alisema fundi, akaanza kukwangua mwiko kwa ukucha.

Mfuaji alikwenda peke yake. Alianza kwa msimamizi, akidhani ukweli una mlango mmoja na huo ndio mlango wake. Msimamizi alikuwa anakula kwenye kibanda cha mabati, mafundi wawili wakimsubiri. Alimsikiliza hadi mwisho, kijiko kikiwa hewani.

"Mama, ngoja. Unasema fundi wangu, yule pande la mtu, umemng'oa bega wewe?"

"Mimi."

"Chumbani."

"Tulikuwa tunafanya mazoezi."

Wale mafundi wawili walishindwa kujizuia. Mmoja alitoka nje kabisa, wakamsikia akicheka nyuma ya mabati. Msimamizi alijitahidi kuwa mstaarabu, mdomo ukamsaliti.

"Sikiliza, dada. Karatasi ile imeshafungwa, imeshapanda juu, waliosaini wamesaini. Nikaandike upya kwamba ilikuwa mazoezi ya chumbani? Watanifukuza mimi. Na mumeo watamdai gharama zote. Ndilo unalotaka?"

"Nataka Kunguru arudi kazini."

"Kunguru hakufukuzwa na mtu. Mikono yake ndiyo iliyomfukuza. Nenda nyumbani, mama. Na mwalimu wako mwambie asinisogelee."

*

Kunguru alikaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari. Mfuaji alimkuta amechuchumaa uani mbele ya jiwe, ana nyundo na kopo la misumari iliyopinda. Alikuwa anainyoosha, anapanga iliyonyooka kwenye gazeti. Mkewe, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchoka, alikuwa anapepeta unga mlangoni.

Mfuaji alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia sharti la kufunga mlango hadi daftari la msimamizi. Alisema lile fundo halikufunguka. Lilifunguliwa. Mumewe alilifungua Jumatatu alfajiri kwa mkono wa kushoto na meno.

Kunguru alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande. Kisha akatabasamu kwa upole sana.

"Kwa meno?"

"Kwa meno. Alisema nusura libaki na jino lake."

"Shemeji, fundo langu halifunguki kwa meno. Kama lilifunguka kwa meno, basi halikuwa fundo. Ndiyo hilohilo ninalosema mimi."

"Lakini hakuanguka! Bega lilikuwa limeshachanika tangu Jumapili. Mimi ndiye niliyelichana."

"Wewe?" Aliangalia mikono ya mfuaji, mikavu, iliyopauka kwa sabuni. "Shemeji, nakushukuru. Wewe una moyo."

"Mfanyie, tuone," alisema mke wa Kunguru kutoka mlangoni. Aliweka ungo chini. "Kama ni kweli mfanyie hapo. Mimi nipo."

Chini ya gauni mfuaji alikuwa na suruali ya mazoezi. Alitandika gunia, akalala chali uani, kwa watu, mchana, akamwambia Kunguru apige magoti. Kunguru alisita, akamtazama mkewe, akapiga. Mfuaji akashika kifundo cha mkono, akachomoa kiuno, mguu ukazunguka bega, akakaa. Kufuli likaingia kama linavyotakiwa. Wasichana wa mwalimu wangepiga makofi.

"Sasa taka kuinuka."

Kunguru akataka kuinuka. Mfuaji akaingia chini, akashika goti, akanyanyua, na Kunguru akaenda. Alikwenda mwepesi mno, bila kipande cha ubishi mwilini, kama mtu ambaye siku nyingi amekuwa akingojea kuangushwa. Akaangukia mgongo, akabaki ametazama mbingu.

"Ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi."

"Mbona hakuumi?"

"Kwa sababu umekwenda. Yeye alikataa kwenda."

"Mtu anakataaje kitu laini namna hii?"

"Kataa, basi. Piga magoti tena. Safari hii jikaze, vuta mkono, usikubali hata kidogo."

Wakarudia. Kunguru, mtiifu, alikita mguu na kuvuta. Mfuaji alisikia kitu kilekile cha Jumapili: mwili ukigeuka ukuta, bega likifika ukingoni, nyama zikianza kusema. Palibaki upana wa kidole lichanike. Upana wa kidole, na Kunguru angemwamini hadi siku ya kufa kwake. Mguu wake ulikuwa tayari, unasubiri amri. Aliitazama shingo ya Kunguru, mishipa ilivyosimama, na mikono ile mirefu ambayo haikuwa na kazi nyingine iliyobaki isipokuwa misumari.

Akaachia.

Kunguru aliinuka akijikung'uta, akazungusha bega mbele, akazungusha nyuma. "Unaona? Haliumi hata kidogo." Alimpa mkono kumnyanyua kutoka chini. "Shemeji, usijitwike mambo haya. Lile fundo mimi mwenyewe nalikumbuka. Mvua naikumbuka. Mtu hawezi kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo. Mwambie fundi anisamehe."

Akachuchumaa tena kwenye jiwe lake. Mkewe alimsindikiza mgeni hadi kwenye kona ya karakana, akampangusa vumbi mgongoni kwa kiganja, polepole, hadi gauni likawa safi.

"Ni kweli, sivyo?" aliuliza.

"Ni kweli."

Mke wa Kunguru alisimama na kiganja chake kwenye mgongo wa mwenzake. Kilikaa hapo muda. Kisha kikaondoka.

"Usirudi tena hapa," alisema.

Nyumbani fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, uso ameuelekeza njiani. Aliona vumbi lililobaki magotini mwa mkewe, akajua alikotoka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa mapajani, umekaa kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishika. "Akasemaje?"

Mfuaji alimpita, akaingia ndani, akaanza kumimina maji kwenye beseni.

"Ameomba msamaha," alisema.